Shajara ya mradi: beringi ya krenki iliyokufa mara mbili

Novemba 6

Injini ya pikipiki yangu ya theluji iko mezani. Ni mara ya pili kuishusha kwa ugonjwa uleule: beringi ya nje ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), upande wa klachi. Msimu uliopita niliibadilisha, nikafunga, nikaona kazi imekwisha. Tangu siku ile odomita imesoma maili 912, kama kilomita 1,470. Beringi ya aina hii haipaswi kufa kwa mwendo mfupi namna hiyo, kwa hiyo safari hii sifungi kitu mpaka nikijue kilichoiua.

Kwa asiyeijua mashine yenyewe: ni pikipiki ya theluji, ski mbili mbele na treki pana ya mpira nyuma. Injini ni ya stroki mbili, silinda mbili, inapozwa kwa maji, nguvu za farasi 80 hivi. Nguvu inakwenda kwenye treki kwa mkanda unaopita kati ya klachi mbili, ya mbele iliyofungwa kwenye krenki na ya nyuma. Hapa Duluth, Minnesota, ni chombo cha kazi kama mtumbwi ulivyo kwetu. Jimbo hili ndilo lililoizaa Polaris, mjini Roseau mwaka 1954, na Arctic Cat kule Thief River Falls miaka michache baadaye. Mimi ninaitumia kuvuta vifaa vya kuvulia samaki juu ya barafu, na kupanda njia ya North Shore State Trail inayotoka hapa hadi Grand Marais, maili 146 za misitu na vilima kando ya Ziwa Superior. Ukikwama katikati ya njia hiyo usiku, kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, uko hatarini kweli. Ndiyo maana naandika kila hatua.

Injini za stroki mbili nilizijulia Tanga, kwenye mashine za boti za wavuvi. Krenki yake ni ndugu wa hii: vipande vilivyobanwa pamoja kwa presi, konrodi, vyuma vinavyounga pistoni na krenki, zikiwa zimefungiwa humo humo, beringi zikilainishwa na oili kidogo inayopita pamoja na petroli. Hakuna sampu, yaani bakuli la oili, chini. Beringi inakula kile kinachopita tu.

Novemba 8

Nimeikata pete ya nje ya beringi kwa grainda ili niione njia ya gololi. Nilikaa nayo chini ya taa karibu saa nzima, na sijutii muda huo, kwa sababu beringi iliyokufa inasomeka.

Pete ya ndani imechakaa duara zima, sawasawa. Hilo ni la kawaida, kwa kuwa inazunguka pamoja na krenki. Pete ya nje imechakaa zaidi upande mmoja, kama theluthi ya duara, ule unaoelekea klachi ya nyuma. Hilo nalo ni la kawaida: pete ya nje imesimama na mkanda unavuta upande huohuo siku zote. Lakini ndani ya theluthi hiyo chuma kimebanduka magamba madogomadogo. Ukipitisha ukucha unakwama.

Halafu kuna mambo mawili nisiyoyatarajia. Upande wa chini wa pete nimekuta vidoa vitatu vya kutu, vyeusi, vyenye nafasi sawa kati yao. Nilizipanga gololi upya nikapima: nafasi ile ni ya gololi na gololi. Yaani mashine ilipolala kiangazi kizima, unyevu uliteremka ndani ya nyumba ya krenki ukakaa palepale gololi zilipotua. La pili, upande wa pili wa pete ya nje, ambako gololi zingetakiwa kupita bila mzigo, kuna mstari mwembamba unaong'aa. Umezunguka duara lote. Gololi zilikuwa zinabanwa kila upande kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kuna kugongwa, kuna kutu, na kuna kubanwa, yote kwenye beringi moja.

Novemba 12

Mpwa wangu amekuja kunisaidia. Ana umri wa miaka 19, yuko chuoni hapa, na ana jicho. Nilikuwa namweleza habari za beringi, akanikatiza.

"Shikamoo tena, mjomba, samahani. Mwaka jana ulipokuwa unaiwasha mimi niliweka mkono juu ya silinda. Ukivuta aseli, injini ilikuwa inahama."

"Inatikisika, au inahama?"

"Inahama, mjomba. Inakwenda nyuma, halafu inarudi. Upande wa kushoto."

Nilinyamaza. Upande wa kushoto ndio wa klachi. Mwaka jana niliitazama beringi, nikatazama sili za raba zinazozuia hewa isipite, nikatazama oili, na mauntini nne, vikalio vya raba vinavyoishika injini, nilizifungua na kuzifunga bila kuzitazama hata moja kwa makini.

Tumezitazama leo. Tatu ni ngumu, raba imekauka lakini nzima. Ya nne, kushoto nyuma, imelowa oili miaka mingi mpaka imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia kama embe lililoiva. Tundu la bolti yake kwenye bamba la alumini limekuwa yai. Na ile stopa, bolti yenye kichwa cha raba inayokaa nyuma ya injini kuizuia isivutwe na mkanda, imebaki chuma kitupu. Raba yake ilishadondoka, sijui lini.

Bamba lenyewe nilikuwa na wasiwasi nalo. Nilifanya kama tulivyofanya kwenye vitako vya mashine za boti: unasafisha chuma, unapaka mafuta ya taa, unayaacha dakika 15, unafuta mpaka pakauke kabisa, halafu unasugua chaki. Tulisubiri. Taratibu mstari mweusi ukajitokeza juu ya weupe wa chaki, mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye lile tundu la yai kwenda ukingoni, urefu wa milimita 22. Mpwa wangu alipiga picha tatu.

Novemba 14

Kupima badala ya kukisia. Tumerudisha injini tupu na krenki yake ya zamani juu ya mauntini zilezile, tukafunga klachi ya mbele. Mkanda wa kufungia mizigo tumeupitisha kwenye klachi kuuvuta kuelekea nyuma, na katikati tumeweka mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, ya kilo 100. Geji ya saa, kipimo chenye sindano kinachosoma sehemu ndogo za milimita, imesimama kwenye chesisi, ncha yake ikigusa nyumba ya krenki.

Kwa mvuto wa kilo 60, upande wa kushoto ulisogea milimita 3.8. Upande wa kulia, 0.4. Injini haisogei tu, inapinda kama mlango kwenye bawaba.

Na kilo 60 ni kidogo. Farasi 80 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika ni torki ya Nm 71 hivi. Mkanda ukiwa umekaa sentimita 4 kutoka kitovu cha klachi, mvuto huo ni niutoni 1,775, karibu kilo 180, na hiyo ni tofauti tu kati ya upande uliokaza na uliolegea. Jumla inayovuta krenki ni zaidi. Tena klachi inaning'inia nje ya beringi, kama ndoo upande mmoja wa mzega, kwa hiyo beringi ya nje inabeba zaidi ya kile mkanda unachovuta.

Sasa fikiria injini inapohama. Umbali kati ya klachi mbili unapungua, mkanda unalegea. Klachi ya mbele inakaa mshazari, mkanda unasuguka ubavu mmoja na kupata moto. Kisha mkanda unashika tena kwa ghafla, injini inarudi, inagonga. Kila ukivuta aseli, kila ukiruka tuta. Yale magamba kwenye pete ya nje yana maelezo.

Novemba 19

Hesabu ya mzigo, kwa sababu nilitaka kujua kama mvuto wa mkanda peke yake ungeweza kuiua.

Beringi ni 6206: tundu milimita 30, nje 62, upana 16. Uwezo wake kwenye katalogi ni kilonewtoni 19.5 (kilonewtoni moja ni kama kilo 100). Kanuni ya beringi za gololi ni uwezo gawanya kwa mzigo, kisha jibu unalipandisha kwa kipeo cha tatu, unapata mizunguko kwa mamilioni. Mzigo wa kilonewtoni 2 unatoa mamilioni 927. Injini kwa mizunguko 8,000 inamaliza 480,000 kwa saa, kwa hiyo ni saa 1,900 na zaidi. Ukizidisha mzigo mara mbili, kilonewtoni 4, umri unashuka mara nane: saa 241.

Hata hizo 241, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ni zaidi ya kilomita 14,000. Yangu imekufa kwa 1,470. Kuchoka kwa mzigo wa kawaida hakujafika hata nusu ya njia. Mkanda una sehemu yake, lakini hauwezi kubeba lawama yote.

Novemba 23

Hili la leo limeniuma, kwa sababu ni kosa la mkono wangu.

Nimetafuta risiti ya beringi niliyofunga mwaka jana. Ni 6206 tupu. Hakuna C3 wala C4 mwishoni. Tanga nisingejali: boti inawashwa asubuhi ya nyuzi 27, inafanya kazi siku nzima kwenye maji ya joto. Lakini namba ile ya mwisho ni nafasi iliyoachwa kati ya gololi na pete, na hapa nafasi hiyo ni uhai wa beringi.

Beringi ya kawaida ya ukubwa huu ina nafasi ya mikroni 5 hadi 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). C3 ina 13 hadi 28. C4 ina 23 hadi 41. Sasa nyumba ya krenki ni alumini, beringi ni chuma. Alumini inasinyaa kwa baridi karibu mara mbili ya chuma. Tofauti yao ni kama 0.000011 kwa kila nyuzi moja. Kutoka nyuzi 20 za gereji hadi 30 chini ya sifuri ni nyuzi 50. Zidisha kwa kipenyo cha milimita 62: unapata milimita 0.034. Mikroni 34!

Sehemu kubwa ya mbano huo inapita kwenye pete ya nje kwenda ndani, juu ya nafasi iliyokwisha kuliwa pete ya ndani ilipopigwa presi kwenye krenki. Beringi yenye mikroni 20 inatoa wapi? Haina. Kwa hiyo asubuhi za baridi kali nilikuwa ninavuta kamba ya kuwashia huku gololi zimebanwa duara zima. Ule mstari unaong'aa ndio huo. Nakumbuka sasa hata kamba ilikuwa nzito, na nilidhani ni ugumu wa oili.

Injini ikipata moto mambo yanageuka: alumini inatanuka, pete ya nje inalegea, na ndiyo sababu kuna kipini kidogo kwenye nyumba kinachoizuia isizunguke. Vyangu vyote viko salama, nimeviangalia.

Nimeagiza C4 zenye vishikio vya gololi vinavyostahimili joto.

Novemba 24

Kutu. Majira ya kiangazi mashine ilikaa chini ya turubai, juu ya udongo mtupu. Na mwisho wa msimu niliiacha na petroli ya kawaida tangini. Petroli ya kawaida ya Minnesota ina ethanoli kwa asilimia 10, na ethanoli inavuta maji. Kuna pampu zinazouza isiyo na ethanoli, inaruhusiwa kwa pikipiki za theluji na vyombo vichache vingine. Kuanzia sasa ni hiyo tu.

Desemba 3

Krenki. Imelazwa kwenye vitalu vya V, inazungushwa, geji ya saa inasoma inavyoyumba sehemu tatu. Upande wa magneti milimita 0.03. Katikati 0.04. Upande wa klachi, pale kwenye koni, 0.11. Mimi nataka isizidi 0.05.

Kunyoosha krenki ya vipande kunataka utulivu kuliko nguvu. Unatafuta mahali pa juu kabisa, unaweka alama ya kalamu, unaishika mkononi, unapiga ubavu wa gurudumu mara moja kwa nyundo ya shaba, unapima tena. Fundi aliyenifundisha alikuwa akifunga mlango mtu yeyote asimsemeshe. Mpwa wangu alikaa kwenye kiti, akishika daftari. Nilipiga mara moja: 0.08. Mara ya pili nilipiga kidogo mno, haikubadilika. Ya tatu, 0.06. Nilinywa chai. Ya nne, 0.04. Nikaacha hapo.

Konrodi hazina mchezo wa juu na chini, bigi endi zote mbili, yaani ncha zake kubwa, zinasikika safi zikizungushwa kwa oili. Beringi za katikati ni nzima, kwa hiyo sikuitenganisha krenki. Pembe kati ya pistoni mbili imebaki nyuzi 180. Ningekuta imejipinda ingebidi iende kwenye presi. Kuna wanaochomelea pini ili isijipinde kabisa, hasa wa mashindano. Sikufanya hivyo. Krenki iliyochomelewa ni shida kuifungua kesho.

Desemba 10

Beringi mpya zimeingia. Krenki ililala nje usiku kucha ndani ya mfuko uliofungwa, nje kulikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Beringi ziliingia ovenini nyuzi 110 kwa nusu saa. Tundu la milimita 30 likipashwa hivyo linatanuka kama mikroni 30, na krenki iliyopoa inatoa kumi na zaidi. Glavu mbili, pumzi moja. Beringi iliteremka yenyewe mpaka begani, ikalia "tak". Hakuna nyundo iliyoigusa. Nimeipaka oili ya stroki mbili mara moja, kisha nikaishikilia kwa bomba mpaka ikapoa, isije ikarudi nyuma.

Sili mpya, midomo imepakwa grisi. Nyumba imefungwa kwa spana ya torki, kutoka katikati kwenda nje. Tumeijaza hewa ya psi 6, dakika 10, sindano haikushuka. Sili inayovuja upande wa klachi huingiza hewa, mchanganyiko unakonda, na oili ya beringi ndiyo inayokonda pamoja nao.

Desemba 16

Mauntini nne mpya, raba mpya ya stopa, na bamba. Bamba la zamani sikulichomelea. Nimekata jipya la alumini unene wa milimita 8, la zamani lilikuwa 6, matundu yametobolewa kwa kufuata la zamani kasoro lile la yai, ambalo nimelipima kutoka matatu mengine. Kona zote zimepigwa faili ziwe mviringo. Ufa hupenda kona kali.

Bolti hazikukazwa mpaka klachi zilipopangwa. Fimbo iliyonyooka ya kupimia imewekwa ubavuni mwa klachi ya nyuma, tumesogeza injini mpaka umbali kati ya klachi mbili na mwachano wao wa ubavuni vikawa vya kitabu, tukakaza msalaba, tukapima tena baada ya kukaza. Ilikuwa imehama nusu milimita. Tukalegeza, tukarudia. Mara ya tatu ikakaa. Stopa nimeiachia nafasi ya milimita 0.5 kwa fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia nafasi: injini ipumue kidogo, kisha ikute ukuta.

Jaribio lilelile la mizani, kilo 60: kushoto 0.6, kulia 0.3.

Nilimwambia mpwa wangu aandike namba hizo kwa mkono wake.

Desemba 23

Imewaka mvuto wa tatu. Tangi la kwanza nimechanganya oili kwa 40 kwa 1, mililita 500 kwenye lita 20, juu ya ile inayosukumwa na pampu. Moshi mwingi, hata jirani, mzee anayevua nami ziwani, alitoka kutazama. Mpwa aliweka mkono juu ya silinda. "Imetulia, mjomba."

Januari 14

Maili 140. Asubuhi nyuzi 26 chini ya sifuri, kamba ilivutika nyepesi. Vumbi la mkanda ndani ya kava: kidogo, jeusi, limeenea sawa. Mwaka jana lilijaa upande mmoja.

Februari 11

Maili 431. Nimekwenda nusu ya njia ya North Shore na kurudi. Klachi ya mbele nimeigusa niliposimama kuweka petroli: ya moto, lakini mkono unakaa. Mkanda umesuguka pande zote mbili sawa. Bolti za mauntini zote ziko kwenye torki yake isipokuwa moja, kulia mbele, iliyolegea robo mzunguko. Nimeikaza na kuitia gundi ya kuzuia bolti isilegee.

Machi 25

Maili 968. Zimepita zile 912.

Leo nimeondoa mkanda, nikaipima krenki ikiwa ndani ya injini: geji kwenye koni 0.04, ileile ya mezani. Klachi ikishikwa na kutikiswa juu na chini haina mchezo unaosikika. Nimeweka bisibisi ndefu kwenye nyumba ya krenki na mpini sikioni, injini ikizunguka taratibu: mlio mmoja laini, hakuna kukwaruza. Jaribio la mizani limetoa 0.7 kushoto. Raba zimekaa.

Kisha nimeilaza. Tangi nimelimaliza, kabureta zimekauka, oili ya kuhifadhia imepulizwa kwenye kabureta zote mbili mpaka injini ikazima kwa moshi, halafu kijiko kimoja kila tundu la plagi na krenki ikazungushwa kwa mkono. Mashine imekaa juu ya mbao, ndani ya gereji, si kwenye udongo. Mpwa wangu amekubali kuja kila mwezi kuzungusha klachi robo mzunguko, gololi zisilale mahali pamoja. Amechora duara kwenye ukuta lenye alama za miezi, Machi mpaka Novemba, na ameshaitia tiki ya kwanza.